Spika Mbili katika Gari la Zamani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa ukumbini mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Yamechapwa kama yalivyosemwa.)



Katibu aliponiandikia barua kuniomba nizungumze, alinitaka nichague jambo litakalowafaa wazee na vijana pia. Wenzangu walionitangulia katika mikutano iliyopita wamezungumza juu ya sheria, kilimo na afya. Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Sheria naijua pale tu askari wa barabarani anaponisimamisha. Kwa hiyo nimechagua jambo dogo lililo katika kazi yangu, nalo ni namna ya kutia spika za stereo katika gari la zamani bila kuliharibu gari lenyewe. Wako watakaosema hilo si jambo la kuwakusanyia watu ukumbini. Nawaomba wanivumilie, kwa sababu jambo hilo dogo lilikaribia kuvunja nyumba ya mmoja wetu. Yeye mwenyewe yumo humu ndani, na amenipa ruhusa niyaseme.

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1965, nalo liko Tanga. Ni mali ya mama yake mwenzetu huyo. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu, akalinunua jipya kwa mkopo, na kwa gari hilo aliwapeleka watoto wake wote shuleni. Tangu alipofariki, gari hutolewa Jumapili na siku za sikukuu tu. Mjukuu, kijana wa umri wa wale wanaokaa mstari wa nyuma pale, ndiye anayelisafisha. Naye alitaka muziki garini. Baba yake akakubali. Akaitwa fundi mmoja wa mjini, akapima milango, akasema atakata tundu la duara katika kila mlango, na jingine katika dashibodi la kutia redio mpya. Alikuwa amekwisha kutoa keekee mkobani, ndipo mama alipotoka barazani na kusema kuwa gari lile halitobolewi hata tundu moja.

Basi nyumba ikagawanyika. Mjukuu aliona bibi anapenda bati kuliko damu yake. Bibi aliona mjukuu hajali kumbukumbu ya babu yake. Mwenzetu akawa katikati, kwa mama yake mkosaji na kwa mwanawe mkosaji. Miezi mitatu ikapita katika hali hiyo, ndipo aliponipigia simu. Nilikwenda Tanga, nikamwamkia mama, nikaketi. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, mimi sikatai muziki. Nakataa keekee."

Nataka niwaeleze kwanza kwa nini mama yule, ambaye hakusoma ufundi, alikuwa na haki hata kwa kipimo cha fundi.

Morris Minor ilibuniwa na mhandisi Alec Issigonis, yule yule aliyebuni baadaye gari dogo la Mini la mwaka 1959. Minor ilitoka mwaka 1948, na ndiyo iliyokuwa gari la kwanza la Uingereza kufikia idadi ya milioni moja. Mpaka utengenezaji wake ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yametoka zaidi ya 1,600,000. Gari hili halina fremu ya chuma iliyo mbali na bodi, kama ilivyo katika lori. Bodi yenyewe, yaani sakafu, kingo za chini ya milango na nguzo, ndiyo inayobeba uzito wote. Ukitoboa hapa na kukata pale, unapunguza nguvu ya kitu kinachokubeba. Tena kila tundu jipya ni bati lililopoteza rangi yake, na kwa pwani yetu yenye hewa ya chumvi, bati lisilo na rangi halichukui muda kushika kutu.

Milango nayo ina siri yake. Maji ya mvua hupita kwenye kioo, yakashuka ndani ya mlango, yakatokea kwenye matundu madogo ya chini. Ndivyo ulivyokusudiwa. Spika iliyotiwa mlangoni bila kinga hukaa njiani mwa maji hayo. Karatasi yake hulowa, na baada ya masika mawili haina sauti tena. Hapo utakuwa umepoteza mlango, na spika pia huna. Mlango uliokatwa haurudi ulivyokuwa.

Sasa, stereo ni nini? Vijana wengi hudhani ni spika nyingi, au ni kelele nyingi. Sivyo. Stereo ni sauti mbili zilizochukuliwa mbalimbali, moja ya upande wa kushoto na moja ya kulia, ili masikio mawili yapate habari mbili na akili iweze kusema: mpiga ngoma yuko huku, mwimbaji yuko pale katikati. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya jambo hili mwaka 1931, lakini sahani za stereo hazikuuzwa madukani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo sahani alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 ni za njia moja, na hata ukitia spika nane garini zitabaki za njia moja. Namwambia hivyo kila anayeniletea gari, ili asije akanidai kitu ambacho hakimo katika wimbo.

Baada ya kumsikiliza mama, tulikubaliana sharti moja: kila nitakachotia kitoke, na kikitoka gari libaki kama lilivyokuwa. Hakuna tundu jipya, na hakuna waya wa zamani utakaokatwa. Nilimwambia mjukuu kuwa nitaifanya kazi hii ikiwa tu atakuwa msaidizi wangu tangu mwanzo hata mwisho. Alikubali, ingawa kwa uso uliokunjamana.

Shida ya kwanza ilikuwa ya umeme, na hapa nawaomba wanafunzi wasikilize sana, maana hapa ndipo magari ya zamani yanapoungua. Katika gari la leo, ncha hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Katika Morris Minor, kama katika magari mengi ya Kiingereza ya enzi zile, ni kinyume: ncha chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Chukua redio ya kisasa, ambayo ganda lake la chuma limeungwa na ncha hasi, uifunge kwa skrubu kwenye dashibodi ya gari hilo. Umekutanisha chanya na hasi uso kwa uso. Itapiga shoti, waya utayeyuka, na ikiwa hakuna fyuzi palipostahili, gari litawaka. Hata waya wa eriali unatosha kuleta balaa hilo, kwa sababu ganda lake hugusa bodi upande mmoja na redio upande wa pili.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuligeuza gari lote: kugeuza betri, kuipa dainamo mwelekeo mpya, na kubadilishana nyaya za koili. Hufanyika, na mafundi wengi huifanya. Mimi sikuitaka hapa. Kitabu cha gari kinasema chanya iko kwenye bodi. Fundi atakayekuja miaka kumi baadaye atakiamini kitabu, ataweka betri kama kilivyosema, na kila kifaa kipya kitaungua mkononi mwake.

Njia ya pili ni kukiacha kifaa kipya kielee, yaani kisiguse bodi mahali popote. Ndiyo niliyoifuata. Nilichukua amplifaya ndogo inayopokea muziki kutoka simu ya mkononi kwa Bluetooth, bila waya na bila eriali. Mjukuu aliitengenezea kasha la mbao ya mninga, kwa kuwa mbao haipitishi umeme. Waya wake chanya tuliufunga kwenye bolti iliyokuwapo tayari kwenye bodi. Waya wake hasi tuliupeleka kwenye boksi la fyuzi, upande unaopata umeme ufunguo unapowashwa. Fyuzi ya ampea 5 tukaiweka katika waya huo hasi. Vijana, angalieni hapo: fyuzi hukaa katika waya usio wa bodi. Mtu aliyezoea magari ya leo ataiweka kwenye chanya kwa mazoea, na shoti ikitokea haitamsaidia kitu. Nyaya za spika nazo hazikuruhusiwa kugusa bodi hata kidogo.

Kabla ya yote hayo tulifungua betri, na waya wa kwanza kutoka ni ule unaokwenda kwenye bodi, kwa gari hili ni ule wa chanya. Ukishautoa huo, hata spana ikiteleza ikagusa bati hakuna cheche.

Shida ya pili ilikuwa nguvu. Mjukuu alikuwa ameiona dukani redio iliyoandikwa wati 200, akaitamani. Nikampa karatasi na kalamu tufanye hesabu, nanyi ifanyeni pamoja nami. Wati ni volti mara ampea. Usiku wa mvua, taa kubwa mbili za wati 45 kila moja ni wati 90. Taa ndogo za mbele, za nyuma na ya namba, tuseme wati 30. Jumla 120, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 10. Koili inakula kama ampea 4, na waipa kama 3. Jumla ni 17. Dainamo ya gari lile hutoa ampea 22, tena injini ikienda kwa kasi. Gari likisimama na injini ikinguruma polepole, dainamo haitoi kitu cha maana. Zilizobaki ni ampea 5, ndizo wati 60, na hizo si vizuri kuzimaliza zote.

Kisha nikamwambia ageuze ile redio aliyoitamani atazame fyuzi yake nyuma. Ilikuwa ya ampea 10. Kumi mara 12 ni 120. Nikamwuliza: kitu kinachoingiza wati 120 kitatoaje wati 200? Alinyamaza, kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka katika nyumba ile. Amplifaya tuliyoitia ina wati 15 kila upande, na hata ikipigwa kwa nguvu zake zote haili zaidi ya ampea 3 hivi. Katika gari dogo kama lile, wati 15 za kweli ni sauti ya kutosha kumwamsha jirani.

Wenye magari mengine ya zamani wakumbuke kupima kwanza. Volkswagen nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960, kwa mfano, zilikuwa za volti 6, na kifaa cha volti 12 hakitafanya kazi humo. Kipimo cha umeme cha bei ndogo kitakwambia volti ngapi na ncha ipi iko kwenye bodi kabla hujafungua pochi.

Shida ya tatu ilikuwa mahali pa kuziweka spika. Karatasi ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Sauti ya mbele na ya nyuma zikikutana, zile nzito hufutana. Ndiyo maana spika iliyo wazi mezani hulia kama nzi katika kopo. Inahitaji kasha la kuzitenga. Tulitumia spika za inchi 5, kila moja katika kasha la plaiwudi ya milimita 12, lenye nafasi ya lita 6 ndani, viungo vyote vikiwa na gundi. Chini ya dashibodi ya Minor kuna shubaka la kuwekea vitu linaloenea upana wa gari. Tulilaza humo ubao mmoja mrefu, kasha moja likiwa ncha hii na moja ncha ile, tukaubana kwa skrubu zile zile zilizokuwapo. Kubana ni lazima. Kasha lililowekwa hivi hivi huruka gari linapofunga breki ghafla, nalo ni zito kama jiwe.

Je, zitazame wapi? Dereva wetu hukaa kulia. Spika ya kulia iko karibu naye, ya kushoto iko mbali kwa kiasi cha sentimeta 60 zaidi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, basi ile ya kulia humfikia mapema kwa muda usiotimia hata sehemu mbili za elfu moja za sekunde. Ni muda mfupi sana, lakini akili ya binadamu huukamata, na muziki wote huonekana kutoka kulia. Dawa yake ni kuzigeuza spika zipishane: ya kulia imtazame aliyekaa kushoto, na ya kushoto imtazame dereva. Hivyo ile ya karibu humpita ubavuni na kupungua ukali, ile ya mbali humjia usoni. Haiwi sawa kabisa kama chumbani, lakini mwimbaji hurudi katikati ya kioo cha mbele, na abiria naye hupata haki yake.

Liko jambo jingine ambalo hata mafundi wa miaka mingi hulipita. Spika mbili lazima zisukume pamoja na zivute pamoja. Nyaya za moja zikigeuzwa, moja itasukuma huku nyingine ikivuta, na sauti nzito zitapotea. Kipimo chake ni betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha chanya yake kwenye ncha yenye alama na hasi kwenye ya pili, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Karatasi ikiruka mbele, alama ni ya kweli. Pima zote mbili, usiiamini rangi ya waya.

Mwisho ni kelele. Injini ilipowashwa, spika zilitoa mlio kama wa mbu uliopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Huo ni wa dainamo. Kapasita ya maikrofaradi 1 kati ya bodi na ncha yake nene, yenye herufi D, iliumaliza. Msiitie kwenye ncha ya F hata siku moja, maana mtaharibu kazi ya kidhibiti cha chaji. Nyingine tulitia kwenye koili, upande wa ufunguo na si upande wa platini. Zote mbili zilifungwa kwenye bolti zilizokuwapo.

Kazi ilichukua siku nne. Jioni ya siku ya nne tulimwita mama. Alikaa kiti cha mbele cha kushoto, ambacho ndicho kilichokuwa chake siku zote. Mjukuu akacheza nyimbo mbili za taarabu alizokuwa amezitafuta mwenyewe. Mama alisikiliza hadi mwisho, macho mbele, kama gari lilikuwa likienda. Kisha akasema: "Vizuri. Sasa viondoeni."

Kijana aligeuka kunitazama. Alidhani bibi yake amekataa. Lakini mimi nilielewa, nikampa bisibisi. Alifungua kila kitu kwa mkono wake, akapanga skrubu juu ya gazeti kwa mpangilio wake, akatoa ubao, kasha na nyaya. Ilichukua dakika 25. Mama akainama, akapitisha kiganja chini ya dashibodi kutoka ncha hata ncha, akafungua mlango mmoja akaupapasa, akafungua wa pili. Hakupata kitu. Akamwambia mjukuu wake: "Haya, baba, virudishe." Kijana alivirudisha, na safari hii hakunihitaji.

Ndugu zangu, sitaki kulikuza jambo hili kupita kimo chake. Lakini mjukuu alitaka kuishi katika gari lile, na bibi alitaka lisife. Wote wawili walikuwa na haki. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa chini na kuifanya hesabu. Kutoboa ni rahisi. Kila mwenye keekee anaweza. Kuongeza kitu kipya juu ya cha zamani, na cha zamani kibaki kizima, kunataka mtu ajue kwanza kile cha zamani kilitengenezwaje na kwa sababu gani.

Nawaachia wanafunzi mambo matatu. La kwanza, kabla ya kukigusa kitu, jueni kinavyofanya kazi. Kitabu cha gari na kipimo cha umeme ni rahisi kuliko gari lililoungua. La pili, msitoboe msichoweza kuziba. La tatu, ile hesabu ya volti na ampea mnayoilalamikia darasani ndiyo iliyopatanisha bibi na mjukuu wake, basi msiseme haina kazi. Kwa wazee wenzangu nina moja tu: tukiwapa vijana mali zetu wazisafishe, tuwape na bisibisi pia. Kijana hukiheshimu zaidi kitu alichokwisha kukifungua na kukirudisha kwa mkono wake.

Nimekuja na kasha moja la spika, amplifaya kama ile, na betri ya tochi. Nitakuwa katika maabara ya fizikia saa tisa alasiri. Kila mwanafunzi anayetaka kuona karatasi ya spika ikiruka mbele na aje aiguse mwenyewe.